Mota Nilizomchagulia Shemeji

Shemeji yangu Orrin Bergstedt alikuwa fundi wa vyuma wa ile aina ambayo mji wetu wa Rockford ulikuwa ukiitoa kwa mamia, kisha ukaacha. Miaka ishirini na sita alisimama mbele ya mashine ya kuchonga chuma, akizungusha magurudumu yake kwa mikono. Ukimpa kipande alikipapasa kwa kidole gumba na kukwambia, bila kupima, kwamba kimezidi kwa unene wa unywele. Mara nyingi alikuwa sahihi, na alipokuwa sahihi hakuna aliyepumua kwa majigambo yake. Mimi nilikuwa fundi umeme wa kiwanda hichohicho. Alimwoa dada yangu Marlys, kwa hiyo tulikuwa mashemeji kwanza, urafiki ukaja baadaye, na ulipokuja ulikuwa wa kutaniana tu.

Kiwanda kilifungwa Novemba ya mwaka 2002. Mimi sikukaa hata mwezi, nikapata kazi ya kutunza mitambo ya kupasha joto katika shule za wilaya. Orrin hakupata kitu. Kila alikokwenda waliangalia mikono yake, wakasoma barua zake za sifa, halafu wakauliza swali moja: unajua kuendesha mashine za kompyuta? Yeye alijibu ukweli. Walimshukuru, wakamsindikiza hadi mlangoni.

Alikuwa na miaka hamsini na minne. Marlys aliniambia kwamba ameanza kuamka saa kumi na moja alfajiri kama zamani, anavaa viatu vyake vya kazi, kisha anakaa jikoni navyo mpaka mchana.

Januari ya mwaka 2004 akanipigia simu niende kwake. Nilikuta gari limetolewa nje kwenye theluji, na ndani ya gereji hita ya gesi inavuma. Katikati ya sakafu palikuwa na mashine ndogo ya kuchonga chuma, kuukuu, aliyoinunua kwa mjane mmoja wa Loves Park.

"Nataka kuitia mota," alisema. "Tatu. Moja kwa kila gurudumu. Kompyuta iziongoze. Nijifunze hapahapa, halafu nione nani ataniuliza tena lile swali lao."

"Umechelewa miaka ishirini, mzee wa magurudumu."

"Ndiyo maana nimekuita wewe, bwana nyaya. Mtu aliyeshindwa kutengeneza taa ya ukumbi wa kanisa hana shughuli nyingi."

Nilicheka, na nikafurahi kuliko nilivyoonyesha. Kwa miaka yote hiyo yeye ndiye aliyekuwa fundi, mimi mtu wa kuitwa kitu kikizimika. Sasa alihitaji kitu ninachokijua.

Ubishi wetu wa kwanza ulikuwa juu ya aina ya mota. Orrin alikuwa amesoma kwenye mtandao, akachapisha karatasi, akazipigia mistari kwa penseli. Alitaka stepa. Stepa ni mota inayokwenda kwa hatua: unaiambia hatua mia, inakwenda mia. Haikuulizi kitu wala haikujibu. Mzigo ukiizidi, inakwama na kunguruma, basi.

"Hizo ni za kusukumia karatasi kwenye printa," nilimwambia. "Ikiruka hatua kumi, kompyuta haijui. Kazi yako imeharibika na wewe unashangaa tu. Kule kiwandani uliona stepa wapi? Tulikuwa na servo."

Servo ina kisahani kidogo nyuma yake chenye mistari myembamba, na taa inayoisoma mistari ile inapopita. Mafundi umeme tulikiita jicho. Kila wakati jicho linaiambia bodi ya umeme mota imefika wapi. Bodi inalinganisha na amri iliyotoka kwenye kompyuta, na kama mota iko nyuma inaisukuma, kama imepita inairudisha. Nilimweleza Orrin yote haya huku nikichora nyuma ya ratiba ya ibada. Alisikiliza kwa adabu, na hiyo haikuwa kawaida yake.

"Na jicho likipofuka?" akauliza.

"Vipi?"

"Waya wa jicho ukikatika. Bodi haioni mota imefika wapi. Si itasukuma tu, na kusukuma, na kusukuma?"

Lilikuwa swali zuri. Nimewahi kuwafundisha vijana wa umeme waliokaa miezi sita bila kuliuliza.

"Kuna kinga," nikasema. "Bodi ikiona mota imeachana na amri kupita kiasi fulani, inakata umeme yenyewe. Taa nyekundu inawaka, kila kitu kinasimama."

"Bado napenda stepa. Ikikwama, imekwama."

"Shemeji, unataka mashine au unataka toi?"

Nilijua neno hilo litamshika pabaya, na lilimshika. Akakubali servo.

Tulipima mzigo kwa njia yake: alifunga kamba kwenye gurudumu, akaivuta kwa mizani yake ya kupimia samaki, akasoma uzito ambapo meza ya mashine ilianza kusogea. Mimi nikapiga hesabu. Duka moja la vyombo chakavu kule Milwaukee lilikuwa linauza mota za servo zilizotolewa kwenye mashine za zamani za kanda za kompyuta. Zilikuwa nzuri, laini, nyepesi, kila moja na jicho lake. Orrin alizishika, akazungusha mhimili kwa vidole.

"Hizi zimezoea kukimbia," alisema. "Hazijazoea kubeba. Tuweke puli na mkanda, tupunguze mwendo mara tatu, zipate nguvu."

"Meza itatambaa kama kobe. Funga moja kwa moja kwenye skrubu inayosukuma meza. Hesabu inatosha."

Hesabu haikutosha. Sikuzingatia kwamba tulipima mashine baada ya hita kuwaka kwa saa nne, grisi ikiwa imelainika. Wala sikuweka akiba ya nguvu inayoliwa na kisu kikiwa ndani ya chuma. Hata mwanafunzi niliyekuwa nikimcheka kazini angeliona kosa hilo.

Bodi zilikuja kwa posta, tatu, kila moja ndogo kuliko pakiti ya karata. Wiki tatu tulifunga, tukakata sahani, tukalehemu nyaya. Nyaya za majicho alizilehemu Orrin mwenyewe, kwa sababu alitaka kujifunza. Wiki hizo zilikuwa nzuri. Marlys aliniambia anamsikia akiimba bafuni.

Tulipowasha, mhimili wa kusogeza meza kwa urefu ulikwenda kidogo, ukatetemeka, taa nyekundu ikawaka. Nikarekebisha kwa bisibisi. Ukaenda tena, taa nyekundu. Siku hiyo nzima, na Jumamosi iliyofuata. Kila kisu kilipouma alumini, mota ilibaki nyuma, bodi ikakata umeme. Kinga ilikuwa inafanya kazi yake barabara. Ilikuwa inaniambia mota ni dhaifu kwa mzigo ule, kwamba nimechagua vibaya, na kwamba puli za Orrin ndizo zilizotakiwa tangu mwanzo.

Orrin alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Labda mimi ndiye nimefunga vibaya," alisema. "Labda skrubu imepinda."

Pale ndipo ningesema. Maneno yenyewe yalikuwa machache: shemeji, nimekosea, tununue puli. Yangechukua pumzi moja. Badala yake nikasema, "Ngoja niangalie bodi, zinakuja na marekebisho ya kiwandani."

Marlys akafungua mlango wa jikoni. "Supu ya njegere iko mezani. Sirudii."

"Tangulia," nikamwambia Orrin. "Nakuja."

Akaingia ndani. Nilikuwa na kipande cha waya cha urefu wa kidole. Nililehemu ncha mbili kwenye bodi ya mhimili ule, nikaiziba kinga isiweze tena kukata umeme. Dakika nne. Kisha nikanawa mikono nikaenda kula supu, nikaomba niongezwe.

Baada ya chakula mashine ilikwenda. Iliburuta kidogo, lakini ilikwenda, na ilichonga duara kwenye alumini. Orrin alilipapasa kwa kidole gumba. Akalipapasa tena, mzunguko mzima.

"Limezidi kwa unywele mmoja tu," alisema. Kisha akanikumbatia, mtu ambaye hakuwa amenikumbatia hata siku tuliyomzika mama yangu. "Nilikudharau, shemeji. Nakwambia ukweli. Nilikudharau kidogo miaka yote hii."

Nilikuwa na nia ya kumweleza. Nilijiambia tutanunua mota kubwa majira ya kuchipua, nitaondoa ule waya, hakuna atakayejua.

Mwezi wa Machi karakana moja ya Belvidere ilimwita. Mwenye karakana alikuwa amesikia kwamba kuna fundi wa zamani aliyejitengenezea mashine ya kompyuta gerejini, akapendezwa. Aje Alhamisi, alete na kazi aliyoichonga. Orrin aliamua kumpelekea kishikio kidogo cha alumini chenye mabonde ya mviringo, kitu ambacho kwa magurudumu ya mkono kingemchukua siku mbili.

Jumamosi kabla ya Alhamisi hiyo mimi nilikuwa nyumbani, nasafisha mifereji ya paa. Simu ililia karibu na saa sita mchana. Alikuwa Marlys. Hakulia. Aliongea polepole sana, kama mtu anayemsomea mwingine anwani.

"Kaka, mashine imemkata Orrin. Nimechomoa waya ukutani. Gari la wagonjwa limeshamchukua, nami naondoka sasa hivi. Njoo ufunge gereji."

Nilielezwa baadaye jinsi ilivyokuwa. Kishikio kilikuwa kimebakiza bonde moja. Alisimamisha meza ili afagie chenga za alumini kwa brashi, kisu kikiendelea kuzunguka, kama ambavyo yeye na kila fundi wa mji huu amefanya mara elfu. Meza imesimama, mkono uko kando ya jiliwa lililokishika kishikio. Kisha meza ikaruka. Haikupewa amri yoyote. Iliruka tu, kwa mwendo wote ambao mota zile zilizozoea kukimbia zingeweza kutoa, ikaubeba mkono wake wa kulia hadi kwenye kisu, na ilipofika mwisho wa njia yake ikaendelea kusukuma.

Madaktari walijaribu. Kidole cha shahada na cha kati havikuokolewa, na nusu ya cha pete.

Niliingia gerejini peke yangu. Sitasimulia sakafu. Nilikwenda moja kwa moja nyuma ya mota, nikafungua kifuniko cha jicho, na nikauona waya: mmoja, mwembamba, umeachia kwenye lehemu. Mtikisiko wa wiki kadhaa uliuchosha. Ilikuwa lehemu ya Orrin, yenye kijivu kijivu kama lehemu za wanaojifunza. Jicho lilipofuka, bodi ikasukuma na kusukuma, kama alivyosema yeye mwenyewe siku ya kwanza.

Na kinga ingeusimamisha mhimili kabla meza haijasogea upana wa ukucha.

Nilisimama pale. Kisha nikachukua koleo, nikakata ule waya wangu kwenye bodi, nikakwangua alama za lehemu mpaka zikapotea, nikautia mfukoni. Baada ya hapo ndipo nikaanza kuosha sakafu. Nilifanya mambo hayo kwa mpangilio huo, na mpangilio huo ndio unaonisumbua.

Siku ya tatu niliruhusiwa kumwona hospitali. Mkono ulikuwa umefungwa mkubwa kama mkate.

"Umeangalia?" akauliza.

"Waya wa jicho. Uliachia kwenye lehemu."

Alifumba macho. "Lehemu yangu."

Nilimwekea mto vizuri.

"Na kinga?"

"Wakati mwingine haiwahi," nikasema. Mimi, niliyewafundisha vijana wa umeme.

Alhamisi ilikuja ikapita. Mwenye karakana ya Belvidere alituma kadi yenye maua, imeandikwa vizuri.

Niliendelea kwenda kwao kila Jumamosi. Nilimkatia majani, nikamtengenezea bomba la jikoni, nikambeba kwa gari kwenda kufanyishwa mazoezi ya mkono. Marlys alinishukuru mpaka nikaanza kuikwepa sura yake. "Sijui tungefanyaje bila wewe, kaka," alikuwa akisema, na ananiwekea sahani ya chapati zile nyembamba za Kiswidi na jamu yake, nami nazila. Orrin hakulalamika. Wageni wakimuuliza aliwaambia bila kusitasita: nililehemu vibaya. Aliwaambia kama mtu anayetaja tarehe yake ya kuzaliwa. Alianza hata kucheka kidogo. Aliuza mashine kwa uzito wa chuma chake, na mwenye lori alipoipakia alisimama mlangoni akaangalia bila kugeuza uso.

Nadhani ningeweza kunyamaza maisha yangu yote. Sikunyamaza kwa sababu sikuwa nalala, na nilijidanganya kwamba kukosa usingizi ni dhamiri.

Ilikuwa Jumamosi ya Juni, asubuhi, kwenye baraza ya nyuma ya nyumba yao. Marlys alikuwa mwisho wa bustani anafunga nyanya kwenye vijiti. Orrin alikuwa anajifunza kuandika jina lake kwa mkono wa kushoto kwenye daftari la mistari mipana, la watoto wa darasa la kwanza. Alikuwa amefika mstari wa tano.

"Shemeji," nikasema. "Kinga haikuchelewa. Niliiziba mimi."

Kalamu ikaendelea hadi mwisho wa jina. Akaiweka chini.

"Sema tena."

Nikamweleza kila kitu. Mota dhaifu, hesabu, puli, waya, na jinsi nilivyokwangua alama zake siku ile yeye akiwa mezani kwa wapasuaji. Nilisema kwa haraka, nikiangalia sakafu ya mbao.

"Uliiziba lini?"

"Siku ya supu ya njegere. Ulipotangulia ndani."

"Kwa hiyo nilikuwa nakula."

"Ndiyo."

"Ukaja ukakaa ukala na mimi. Halafu nikakukumbatia." Alikuwa anazipanga siku, moja moja, kwa sauti ya chini. "Nikakwambia nilikudharau. Ukaniacha nikaomba radhi."

"Orrin, mimi..."

"Ungeniambia tu mota ni ndogo. Ningekucheka wiki moja. Wiki mbili, basi. Hicho ndicho ulichokuwa unakikwepa?"

Nilisema ndiyo, kwa sababu ndicho hicho, hakuna kingine.

Akaisukuma kalamu pembeni. Alipoongea tena hakuniita shemeji.

"Miezi mitatu, Lyle, nimekaa na ile lehemu. Mwanzoni nilitaka kufa. Halafu polepole nikapata mahali pa kusimama. Fundi amekosea, mkono wake umelipa. Hilo nalijua. Baba yangu alipoteza jicho namna hiyohiyo, na wenzake wengi. Ningeweza kuzeeka na hilo." Aliuinua ule mkono, akauangalia kana kwamba ameletewa sasa hivi. "Sasa umenipa nini? Umekuja kujitua mzigo wako, umenitwika mimi. Nifanye nao nini? Nikuchukie? Wewe ndiye pekee anayekuja hapa."

"Nilidhani una haki ya kujua."

"Ungenipa haki hiyo mwezi wa pili, nikiwa na vidole." Akalifunga lile daftari. "Nenda nyumbani."

Marlys alikuwa amesimama katikati ya bustani na kamba mkononi. Alikuwa mbali, hakusikia maneno, lakini aliona sura ya mumewe. Nilipopita nilimwambia nitampigia simu. Alinipungia, bado hajui.

Yeye ndiye aliyepiga, siku mbili baadaye.

"Jumamosi usije," alisema.

"Hii, au..."

Nilimsikia akipumua. Tulilala chumba kimoja utotoni, najua pumzi yake inapokuwa inazuia kilio.

"Usije, kaka," akasema, akakata.

Nilimwandikia Marlys barua mbili. Ya kwanza ilirudi bila kufunguliwa. Ya pili haikurudi, na sijui kama hilo ni jema. Kanisani yeye na Orrin walihamia ibada ya asubuhi ya mapema, mimi nikabaki na ya saa nne. Watu hawakuuliza. Kwa hali hiyo nilijua kwamba wameambiwa.

Mwezi wa Oktoba bomba la maji la shule moja lilipasuka, nikahitaji kiungo cha shaba haraka. Niliingia kwenye duka la vifaa vya ujenzi la upande wa mashariki, ambalo si kawaida yangu. Kulikuwa na foleni ndefu, na kwenye njia ya kati alikuwepo mfanyakazi mwenye aproni ya kijani akimwelekeza mwanamke mmoja kwenye rangi. Alimwelekeza kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa ndani ya mfuko wa aproni.

Ningeweza kugeuka. Miguu haikugeuka. Mwanamke aliondoka, na Orrin akaniona. Alikuwa amepungua, na nywele amekata fupi sana. Kifuani alikuwa na kibati chenye jina lake la kwanza.

Nilisubiri. Nilikuwa tayari kwa chochote, tusi, ngumi, hata kunitemea mate. Nadhani nilikuwa nikikitamani kimojawapo.

"Karibu," alisema. "Unatafuta nini?"

"Kiungo cha shaba. Cha nusu inchi."

"Njia ya kumi na mbili, upande wa kulia, rafu ya chini." Sauti yake ilikuwa ya upole, ileile aliyompa mwanamke wa rangi. "Ukikosa, muulize kijana wa kaunta, wanavyo vingine stoo."

"Asante, Orrin."

Aliitikia kwa kichwa. Kisha akamtazama mteja aliyekuwa nyuma yangu.